Mbuzi, kichaa au hoho? Pilipili na majina yaliyokosewa tangu 1492

Pita Kariakoo kwa muuza mboga yeyote. Utakuta hoho kubwa kama ngumi, pilipili ndefu, pilipili mbuzi zilizojikunja za njano na nyekundu, na vile vidogo vyenye hasira, pilipili kichaa. Muuzaji akiuliza "nikupe ipi?", wengi wanajibu "yoyote, ilimradi iwashe". Hapo ndipo mchuzi unapoharibika.

Zote nne ni ndugu, na hakuna hata moja yenye asili ya Afrika. Wala India, hata kama kijiweni kuna mtu atakuapia kwamba zimekuja na biriani. Kwao ni Amerika, na huko Mexico watu walianza kuzilima maelfu ya miaka iliyopita.

Mwaka 1492 baharia mmoja aliyetumwa na Hispania alikuwa anaitafuta India, maana pilipili manga Ulaya ilikuwa mali. Akaishia Karibiani. Akakuta wenyeji wanakula kitu kinachowasha, naye akakiita pilipili. Jamaa hajafika India, na ile siyo pilipili anayoijua, lakini jina likaganda mpaka leo.

Wareno walifika pwani yetu 1498, na katika karne iliyofuata meli zao ndizo zilizoisambaza pilipili ya Amerika Afrika na India. Neno lenyewe pilipili ni la zamani, mizizi yake iko India, na lilihusu ile nyeusi. Mgeni naye akaitwa hivyo hivyo. Ile nyeusi ikabaki na "manga", jina la zamani la Uarabuni, ingawa mmea wenyewe ni wa India! Hoho nayo ina vituko vyake: kamusi za zamani za Kiswahili zinasema pilipili hoho ni ile kali. Leo Dar ukiomba hoho unapewa ile isiyowasha kabisa. Kwa hiyo pishi la kizamani linalosema "hoho mbili" lisomwe kwa adabu.

Wasomi nao wamo. Mwaka 1776 mtaalamu mmoja wa mimea aliipa jamii ya pilipili mbuzi jina la kisayansi lenye maana ya "ya Kichina". China wapi, wakati kwao ni upande wa Amazon! Kosa halijafutwa mpaka leo.

Sasa jikoni. Mbuzi ni kali sana, ila utamu wake ni harufu, kama ya tunda. Itumbukize nzima kwenye mchuzi wa nazi au maharage, isipasuke, kisha itoe. Ikipasuka, wageni watakunywa maji tu. Kichaa haina harufu ya maana, yenyewe inawasha moja kwa moja, hivyo inafaa kwenye achari au ndimu ya mishkaki. Kuitupia kwenye mchuzi wa nazi ni kuuonea. Ndefu iende kwenye kachumbari, hoho ikaangwe na kitunguu.

Ukitaka kupunguza ukali, usihangaike na mbegu peke yake. Moto uko kwenye ule utando mweupe wa ndani, kwangua huo. Na ukishaungua, maji hayasaidii kwa sababu kinachowasha hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Maziwa yanasaidia. Mikono ipake mafuta ya kula kwanza, ndipo unawe kwa sabuni, na macho yasubiri.