Mwanajeshi Akiwa Mbali: Ulinzi wa Nyumba na Shamba Lake Handeni na Korogwe

Tanzania haina sheria mahususi inayomkinga mwanajeshi asiondolewe katika nyumba au ardhi yake kwa sababu tu yuko kazini. Marekani, kwa mfano, inayo ya mwaka 2003, inayomzuia mwenye nyumba kuitoa familia ya mwanajeshi bila amri ya mahakama iwapo kodi haizidi kiwango kilichowekwa. Hapa nchini askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) analindwa kama mwananchi mwingine yeyote: kwa Ibara ya 24 ya Katiba, sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ulinzi huo unahitaji msimamizi, na mwenye haki mara nyingi yuko kambini mkoa mwingine au katika ulinzi wa amani nje ya nchi.

Kwa Handeni suala hili lina pande mbili. Wapo wenyeji wanaotumikia vikosi vya kwingine, na wapo askari wa mikoa mingine waliopangiwa Kikosi cha 835 KJ Mgambo JKT, ambao baadhi yao hupanga nyumba za wananchi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye shamba la kijiji. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu ardhi ya kimila kuhesabiwa kuwa imetelekezwa endapo haikukaliwa wala kutumika kwa muda usiopungua miaka mitano, ingawa kuliacha shamba lipumzike ni matumizi halali. Ardhi huweza pia kuhesabiwa hivyo mmiliki akiondoka nchini bila kumwachia mtu wa kuiangalia na bila kuitaarifu Halmashauri ya Kijiji. Askari anayekwenda Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati ameondoka nchini. Barua moja kwa Halmashauri ya Kijiji, inayomtaja msimamizi wa shamba na kubaki na nakala yenye muhuri, ni kinga ambayo wengi huisahau katika harakati za safari. Hata hivyo, Halmashauri haiwezi kutangaza utelekezaji kimyakimya. Ni lazima ibandike tangazo na kuwaita wenye maslahi wajieleze.

Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwanandoa mmoja kuuza, kupangisha, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba hiyo bila ridhaa ya mwenzake. Katazo hilo linawahusu wote wawili, aliye kambini na aliyebaki nyumbani.

Kwa mpangaji, mkataba wa maandishi ndio ngao ya kwanza. Palipo na upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi cha malipo ya kodi, yaani mwezi mmoja kwa anayelipa kila mwezi. Nyumba ya kambini haimo katika kundi hili, kwa kuwa hutolewa kwa sababu ya utumishi.

Mgogoro ukizuka, huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila muafaka, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kama lile lililopo Korogwe. Askari asiyeweza kufika humteua mwakilishi kwa hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili. Ni vyema hati hiyo ikaandaliwa kabla ya safari, maana kuiandaa ukiwa nje ya nchi huchukua muda. Madai ya kurejeshewa ardhi hukoma baada ya miaka 12.

Hati hiyo hufaa pia wakati wa uthamini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga linapita Handeni na Korogwe, na maeneo yaliyopitiwa yalithaminiwa kwa ajili ya fidia. Msimamizi anayejulikana kijijini ndiye huonyesha mipaka, mazao na majengo siku mthamini anapofika, na ndiye hutia saini fomu kwa niaba ya mmiliki.