HISTORIA: Filamu « The Godfather », ukanda uliochakaa na jina lililopotea njiani

Tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka 2008, inchini Marekani, kampuni ya Paramount ilitoa upya filamu zote tatu za « The Godfather » kwenye DVD na Blu-ray. Kwa kuangalia haraka, ilikuwa biashara tu: filamu ya zamani ndani ya boksi jipya. Lakini nyuma ya boksi hilo kulikuwa kazi ya kuokoa kitu kilichokaribia kupotea.

Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1972, ya pili 1974, ya tatu 1990. Aliyeziongoza ni Francis Ford Coppola, mjukuu wa wahamiaji kutoka kusini mwa Italia. Alifuata kitabu cha Mario Puzo cha mwaka 1969.

Mtoto aliyekimbia

Wengi wanazijua kama filamu za majambazi. Hata hivyo, mwanzo wa habari yenyewe, unaoonyeshwa katika filamu ya pili, ni ukimbizi. Mwaka 1901, katika mji wa Corleone kisiwani Sicily, tajiri mmoja anamuua baba ya Vito Andolini, kisha kaka yake, kisha mama yake. Vito ana miaka 9. Majirani wanamficha usiku na kumpeleka kwenye meli. Anapofika New York, mwandishi wa serkali anachanganya jina lake na jina la mji alikotoka, na tangu siku hiyo mtoto anaitwa Vito Corleone. Anakutwa na ndui, anafungiwa peke yake miezi mitatu.

Vito ni mtu wa kubuniwa, lakini njia aliyopita ni ya kweli. Kati ya mwaka 1880 na 1920, Waitalia karibu milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakikimbia umaskini wa kusini.

Kuchakaa kwa sababu ya kupendwa

Mwaka 1972 watu walijaa kwenye majumba ya sinema, nakala zikahitajika nyingi na haraka. Negatifu, yaani ukanda wa kwanza uliopita ndani ya kamera, ilipitishwa kwenye mashini mara nyingi mno. Ikakwaruzika, ikapasuka, na sehemu nyingine zikabadilishwa kwa nakala zisizo nzuri. Kaseti za video zilizofuata ziliongeza shida: giza ambalo mpiga picha Gordon Willis alilipanga kwa makusudi lilionekana kama matope.

Coppola alimwomba rafiki yake Steven Spielberg aiombe Paramount igharamie matengenezo. Kazi ilipewa Robert Harris, fundi wa kufufua filamu za zamani. Negatifu ilikuwa dhaifu kiasi kwamba walilazimika kuinakili ndani ya kompyuta na kuisafisha picha kwa picha. Willis mwenyewe alishauriwa, ili giza libaki giza na rangi zisigeuzwe.

Mwaka 2022, filamu ya kwanza ilipotimiza miaka 50, zilitolewa tena baada ya kazi nyingine kubwa. Paramount ilieleza kwamba katoni zaidi ya 300 za kanda zilichunguzwa, na saa zaidi ya 4.000 zilitumika kuondoa madoa na kuziba mipasuko.

Kilichohifadhiwa, na kwa ajili ya nini

Ndani ya filamu, Vito naye alihifadhi kitu. Akiwa mtu mzima anarudi Corleone, anamwinamia yule tajiri aliyezeeka, anamtajia sikioni jina la baba yake, Antonio Andolini, kisha anamchoma kisu. Jina lilikaa moyoni mwake miaka yote hiyo, lakini lilikaa pamoja na deni la damu. Mwana wake Michael alirithi deni hilo. Alisema analinda familia, akafikia kuamuru kaka yake Fredo auawe, na filamu ya pili inaishia akiwa ameketi peke yake.

Familia zilizoacha vijiji vyao zinafahamu uzito wa jina la baba na picha moja iliyookolewa. Mafundi wa ukanda waliokoa kila kipande ili wajukuu waone. Vito alikihifadhi cha kwake ili alipize, na nyumba yake ikaisha kutoka ndani.