Choo cha wanakijiji wa Uganda

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie choo, na tusioneane aibu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda hadi 1966. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili walichapisha utafiti katika jarida la Lancet. Watu walimezeshwa chembe zinazoonekana kwenye eksirei, kisha kinyesi chao kikakusanywa mifukoni, kikapimwa uzito na kupigwa picha. Wanakijiji wa Uganda: kama gramu 470 kwa siku, safari ya saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao: gramu 104, saa 83!

Burkitt akasema siri ni nyuzinyuzi. Wazungu wakakimbilia pumba za ngano (ndiyo, pumba, chakula cha kuku wetu).

Lakini kulinganisha mataifa si kutibu mgonjwa. Mwaka 1997 watafiti wa Ujerumani waliwapa nyuzinyuzi wagonjwa 149 wenye tatizo sugu la kufunga choo. Wasioonekana na hitilafu yoyote, asilimia 85 walipata nafuu. Wale ambao utumbo wao husukuma polepole, asilimia 80 hawakusaidika. Na hao ndio wanaolaumiwa kwamba hawali mboga.