Watu wa Pango la Ranis

Katika darasa la kipaimara, kijana mmoja alituuliza: "Mchungaji, watu walioishi zamani sana kabla ya Abrahamu, ambao hata Biblia haiwataji, Mungu anawajua?" Tulimjibu kwa haraka kwamba mambo hayo tuwaachie wataalamu, tukaendelea na Katekisimu. Jibu lile limetusumbua, hasa tangu tuliposoma habari za pango la Ranis.

Ranis ni mji mdogo katika jimbo la Thuringia, Ujerumani. Walutheri tunalifahamu jimbo hilo hata kama jina lake halitujii upesi: ndiko uliko mji wa Erfurt alikosoma Martin Luther, na ngome ya Wartburg alikotafsiri Agano Jipya. Chini ya ngome ya Ranis lipo pango. Katika miaka ya 1930 wachimbaji walipata humo ncha za mawe zenye umbo la jani. Fundi alibandua kipande kirefu, chembamba, kutoka kwenye bonge la gumegume, kisha akakinyoosha kwa kumegua vipande vidogo vidogo mpaka kikachongoka. Si kazi ya kubahatisha. Aliyeifanya alifundishwa na mtu.

Zana za namna hiyo zimepatikana kuanzia Uingereza hadi Poland. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani ni kazi ya Waneandertali, watu wa kale waliokaa Ulaya kabla binadamu wa aina yetu hawajafika huko kutoka Afrika.

Kati ya mwaka 2016 na 2022 pango lilichimbwa upya, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig. Walikuta jiwe lenye unene wa mita 1.7 lililowashinda wale wa kwanza, wakaliondoa kwa mikono, wakashuka mpaka mita 8. Walifungua pia masanduku ya mifupa iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1930. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: vipande 13 vilikuwa vya binadamu kama sisi, walioishi miaka 45,000 hivi iliyopita, wakati nchi ile ilikuwa nyika ya baridi kali yenye kulungu wa theluji na vifaru wenye manyoya.

(Leipzig ndio mji uliotuma wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893. Safari ya kutoka Afrika kwenda upande wao ilikuwa imetangulia kwa mbali sana.)

Wapo wapendwa wanaoshtuka wakisikia miaka 45,000. Sisi hatuoni kwamba Mungu anapungua miaka inapoongezeka. Kilichotugusa ni habari nyingine. Vinasaba vilionyesha kwamba mifupa ile ni ya watu wasiopungua sita, wawili kati yao wakiwa watoto wachanga. Walikuwa na ngozi nyeusi. Wawili walikuwa mama na binti yake. Na mwanamke mmoja ambaye fuvu lake lilipatikana huko Zlatý kůň, nchini Czech, umbali wa kilomita 230 hivi, alikuwa ndugu yao wa mbali. Ukoo wao wote ulikuwa wa watu mia chache tu, nao ukaisha. Hakuna mtu aliye hai leo, Ulaya wala kwingineko, ambaye amethibitika kuwa uzao wao.

Kwetu jambo hilo ni zito. Tumeongoza mazishi ambapo msoma wasifu anafika mahali pa watoto, anasema "marehemu hakujaliwa," na watu wanainamisha vichwa kana kwamba maisha yale yalikuwa bure. Tumeona wajane wakinyimwa shamba kwa sababu hiyo hiyo. Hata sisi wachungaji huwa tunapapita hapo haraka, kama tulivyolipita swali la yule kijana. Lakini katika Isaya 56 Bwana anawaahidi wasio na uzao jina lililo bora kuliko la wana na mabinti, tena ndani ya nyumba yake. Hawaambii kwanza watafute mtoto.

Mama yule wa Ranis hakuacha ukoo. Aliacha mfupa, karibu na wa binti yake.

Kijana wetu amekwisha kupata kipaimara, na sasa anasoma mjini. Tumemwandikia habari hizi zote, pamoja na sura hiyo ya Isaya, tukimwomba radhi kwa jibu letu la kwanza. Bado hajajibu.