Kisomo cha Wazee wa Nachingwea na Ruangwa

Katika kumshukuru Mungu kwa miaka mia moja, ni vema kuwakumbuka wazee waliojifunza kusoma wakiwa na mvi. Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea. Baadhi ya wazee walioitwa wasiojua kusoma walikuwa wamekwisha kuzijua herufi za Kiarabu tangu chuoni. Walichokosa ni herufi za stakabadhi na barua za serikali.

Faida ya kisomo ilikuwa dhahiri. Mkulima wa korosho aliisoma mizani kwa macho yake mwenyewe. Mama hakuhitaji tena mtoto wa jirani amsomee barua yenye siri. Mkristo aliifungua Biblia mwenyewe. Nchini kote, wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 39 mwaka 1975 hadi 27 mwaka 1977.

Hata hivyo, kisomo kisichotumika husahaulika. Ndiyo maana usharika una deni la kuwapatia wazee wake cha kusoma: matangazo, habari za mitaa na Neno la Mungu, kwa maandishi makubwa.