Mahadhi Kabla ya Maana

Salimbene, mtawa wa Parma katika Italia ya karne ya 13, ameacha katika tarikh yake kisa cha kutisha kumhusu Mfalme Mkuu Frederick wa Pili, aliyefariki mwaka 1250. Asema mfalme alitaka kujua ni lugha ipi mwanadamu angeinena lau asingefunzwa yoyote: Kiebrania, Kiyunani, Kilatini, Kiarabu, au ile ya wazazi wake. Basi akaamuru vichanga wanyonyeshwe na kuogeshwa, ila walezi wasiwasemeze wala wasiwabembeleze. Jibu halikupatikana, watoto wote wakafa. Salimbene alikuwa hasimu wa mfalme, kwa hivyo kisa chake twakipokea kwa hadhari. Hata hivyo, sababu aliyoitaja yafaa kuzingatiwa: kwamba watoto hawaishi pasi na kupigiwa makofi, kukunjuliwa uso na kuongolewa.

Hayo hayakuwa mageni. Plato, katika kitabu chake cha Sheria cha karne ya 4 kabla ya Masihi, alikwisha kuona kuwa mama atakaye mwanawe alale hamwachi katika utulivu na kimya, bali humtikisa mikononi na kumwimbia.

Sayansi ilichelewa kuufikia mlango huu. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer, wa Marekani, walitangaza jaribio juu ya watoto 10 wasiotimiza siku 3. Kila mmoja alitiwa chuchu ya mpira kinywani na visikizio masikioni. Akipumzika kwa kipimo fulani baina ya kunyonya na kunyonya, husikia sauti ya mamake iliyorikodiwa. Akibadili kipimo, husikia mwanamke mwengine. Wengi wao wakajifunza kunyonya kwa namna ya kumwita mama, ilhali walikuwa wamekaa naye saa chache tu.

Mwaka 2016 watafiti wa Kanada, Mariève Corbeil, Sandra Trehub na Isabelle Peretz, wakachapisha jingine. Watoto wachanga walisikilizishwa maneno na nyimbo za Kituruki, lugha wasiyoizoea. Kwa maneno walistahimili takriban dakika 4 kabla ya nyuso kukunjamana kwa kilio. Kwa nyimbo, takriban dakika 9.

Si maana, basi, iliyowashika. Sisi tunaobishana juu ya vina na mizani kana kwamba ni pambo la kuvuliwa tutakapo, na tukumbuke kuwa sikio lilipokea mapigo kabla ya neno. Lakini maneno nayo si ya bure. Katika nyimbo zetu za kuongoa, mama hutaja mume aliye safarini, uchovu wa mchana, na dhiki asiyoweza kumwambia mtu mzima. Mtoto huchukua mahadhi, akalala. Maneno humbakia mama.

Kwa hivyo, anayekusanya nyimbo hizi na asiridhike na kuandika maneno yake daftarini. Arikodi na sauti pia, kwani akiiacha, atakuwa amehifadhi fungu la mama na kulipoteza la mtoto.