Fidia ya Mfalme Jean na Asili ya Faranga

Waandishi wa tarehe waelezapo hasara ya Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa (1337–1453), aghalabu huanzia mashambani: mazao yaliyochomwa, mifugo iliyotekwa, vinu vilivyobomolewa. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, lakini shamba lililochomwa huweza kulimwa tena. Kodi iliyotozwa kwa ajili ya vita haikuondoka kwa wepesi huo, na ushahidi ulio wazi ni ule wa fidia ya Mfalme Jean wa Pili.

Jean alitekwa na Waingereza katika mapigano ya Poitiers, Septemba 1356. Kwa mapatano ya Brétigny ya 1360, fidia yake iliwekwa kuwa eku milioni 3 za dhahabu. Fedha hizo zingetoka wapi? Kwa miaka mingi dola ilikuwa imejipatia mapato kwa kupunguza madini ya thamani katika sarafu, hata kabaila aliyepangisha ardhi alilipwa hesabu ile ile yenye thamani pungufu. Basi tarehe 5 Desemba 1360, punde baada ya kufunguliwa, mfalme alitoa amri juu ya mambo mawili: sarafu mpya ya dhahabu yenye uzani thabiti, na kodi za kulipia fidia, yaani sehemu moja ya ishirini ya thamani ya bidhaa zilizouzwa, moja ya tano kwa chumvi, na moja ya kumi na tatu kwa mvinyo.

Sarafu hiyo iliitwa franc. Wengine husema jina latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya 'huru', kwa kuwa mfalme alikuwa amekombolewa. Wengine hulitafuta katika maandishi ya Kilatini ya sarafu yenyewe, yamtajayo mfalme wa Wafaranki. Maelezo ya pili yana uzito zaidi, maana maandishi hayo yaweza kusomwa hata leo. Vyovyote iwavyo, neno hilo ndilo lililofika Kongo, Rwanda na Burundi kwa njia ya Wabelgiji, likawa faranga. Jina la kodi ya chumvi, gabelle, lina safari nyingine: limetoka katika Kiarabu qabala kwa kupitia Kitaliano, na mzizi wake ni ule ule wa kitenzi cha Kiswahili kubali. (Mkulima wa Ufaransa hakuulizwa kama alikubali.)

Mwanawe Louis, aliyeachwa rehani kwa Waingereza, alipotoroka, Jean alirudi London mwenyewe Januari 1364, akafa huko Aprili. Fidia haikulipwa yote. Hata hivyo kodi ziliendelea, sasa kwa ajili ya kulipa majeshi. Zilifutwa 1380, alipofariki Charles wa Tano; ziliporudishwa, watu wa Paris waliasi Machi 1382, wakishika nyundo za madini ya risasi walizozitwaa katika ghala ya mji. Maasi yalivunjwa. Kodi ya chumvi ilidumu hadi 1790, ilipofutwa wakati wa Mapinduzi. Mwaka 1806 Napoleon aliirudisha.